Nyumba ya Kutazamwa na Nyumba ya Kukaliwa



Chukueni mfano wa baba mmoja wa Lubumbashi. Amefanya kazi miaka ishirini. Amejinyima pombe, amejinyima nguo, ameweka franka juu ya franka, na leo ana nyumba yake mwenyewe: kuta za matofali ya simenti, paa la mabati yanayong'aa, madirisha ya vioo upande wa njia. Rafiki wanapita, wanasimama, wanasema: «Ee, fulani amekuwa mtu!» Naye anafurahi, na ni haki yake, kwani hakuiba wala hakuponda jasho la mwingine.

Lakini ufike mwezi wa kumi, mvua haijaanza bado, jua linapita karibu sawasawa juu ya kichwa. Hapo tunaona jambo la ajabu. Usiku saa tatu jamaa yote ya baba yule iko nje. Mama amempakata mtoto mchanga, anampepea kwa kitambaa. Watoto wakubwa wamejinyosha juu ya mkeka katika lupango. Baba anazungukazunguka, anangoja nyumba ipoe. Ndani hakuna mtu. Nyumba ile nzuri imekaa peke yake, kama kitu kilichopangwa sokoni ili kitazamwe.

Ndipo linapozaliwa swali letu: nyumba ile ni nzuri kwa nani? Kwa yule anayepita njiani, ao kwa yule anayelala ndani?

Wengine watasema: hilo ni swali la mafundi, waachieni mafundi. Sisi tunaona kwamba ni swali la dhamiri. Fundi anajua namna ya kusimamisha ukuta. Lakini kujua ukuta usimamishwe kwa faida ya nani, hilo si neno la nyundo wala la mwiko.

1. Nyumba ni ya kazi gani?

Kila kitu hupimwa kwa kazi yake. Kisu kizuri ni kile kinachokata. Mtumbwi mzuri ni ule usioingiza maji. Mtu akinunua kisu chenye mpini wa rangi lakini hakikati, tutamcheka. Nyumba nayo ina kazi yake: kumkinga mtu na jua, mvua, baridi, wanyama na wevi, kumpa usingizi, kumpa mahali pa kulea mtoto, pa kuuguza mgonjwa, pa kupokea mgeni. Nyumba isiyoweza kulaza watu wake imeshindwa kazi yake ya kwanza, hata ikiwa na vioo vitano mbele.

Lakini tusiseme haraka. Mtu hatafuti pango tu. Anataka nyumba imsemee mbele ya wenzake: «Hapa anakaa mtu wa kazi, mtu mwenye akili, mtu anayependa wake.» Kutaka heshima si kosa. Kosa linaanza pale macho ya mpita njia yanapopata uzito kupita usingizi wa mtoto wetu.

2. Joto linaingia wapi?

Wengi wanasema: «Joto ni la nchi, tufanye nini?» Lakini joto lina milango yake, na milango hiyo inajulikana.

Mlango wa kwanza ni paa. Bati ni jembamba. Likipigwa na jua linapata moto upesi, na moto ule linautupa chini juu ya vichwa vya watu. Pasipo dari, mtu anakaa chini ya bati kama mkate ndani ya tanuru. Mlango wa pili ni kuta za mashariki na magharibi. Katika nchi zilizo karibu na ikweta, asubuhi na jioni jua linakuja chinichini na kuzichoma kuta hizo, wala upenu mfupi hauwezi kulizuia. Mlango wa tatu ni hewa isiyotembea: dirisha liko mbele tu, nyuma ni ukuta mtupu. Hewa ya moto inapanda, inakuta bati, inakosa pa kutokea.

Ukuta mnene wa udongo una tabia nyingine. Unapokea joto polepole, nalo linachukua saa nyingi kupenya. Linapofika ndani, jua limekwisha kutua, nje kumepoa, na madirisha yanaweza kufunguliwa. Wazee wetu hawakuwa na kipimo cha digri, lakini neno hili walilijua kwa ngozi zao.

Hata hivyo tusitie nchi zote katika chungu kimoja. Lubumbashi iko juu, kwenye meta 1,200 hivi. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya usiku inashuka chini ya digri 10, na mwezi wa kumi mchana ni jua kali. Huko ukuta mnene unasaidia mara mbili. Kisangani, karibu kabisa na ikweta, mambo ni mengine: mvua inanyesha mwaka mzima, hewa ni nzito, na usiku haupoi sana. Ukuta mnene peke yake hautoshi; yafaa paa la juu, upenu mpana, madirisha yanayoelekeana ili upepo upite. Bukavu, kwenye meta 1,500 hivi kando ya ziwa, mara nyingi watu wanatafuta joto kuliko kivuli. Goma nako wengi wanajenga kwa mbao juu ya mawe ya volkano, kwa maana ardhi yenyewe ni jiwe: Nyiragongo ilipotapika katika mwaka 2002, lava iliingia mjini na kufunika mitaa mingi.

Basi nyumba moja kwa Kongo nzima ni kama kiatu kimoja kwa miguu yote. Lakini katika miji hii yote, mtu akipata feza anatamani nyumba ileile: tofali la simenti, bati, kioo mbele. Nyumba hiyo haikuchaguliwa na jua wala na mvua. Imechaguliwa na macho.

3. Nani analipa?

Mwenye nyumba alilipa franka zake mara moja, akafikiri amemaliza. Kumbe joto linadai malipo kila siku, na wanaolipa si yeye peke yake. Baba anatoka asubuhi kwenda kazini. Wanaoshinda ndani ni nani? Ni mama aliyezaa juzi, ni mtoto mchanga, ni bibi mzee asiyeweza kutembea, ni mgonjwa mwenye homa. Ni mwanafunzi anayetaka kujifunza masomo yake na kichwa kinamwuma. Mwenye mali atanunua feni, atanunua mashine ya kupoza hewa, tena atanunua injini ya kutoa umeme, kwa kuwa umeme wa mji unakatika. Maskini hana hata waya. Kwa hiyo nyumba mbaya ni rahisi siku ya kujenga, nayo ni ghali siku zote nyingine. Na deni lake linalipwa na wale wasio na nguvu.

Wako walipaji wengine wasioonekana. Pande za Lubumbashi mafundi wanachimba udongo wa vichuguu, wanaufyatua matofali, wanayapanga tanuru, wanayachoma kwa kuni. Udongo huo ni mzuri kweli, mchwa wameutayarisha vema. Lakini kila tanuru linakula miti, na miti ileile inatafutwa na wachoma makala kwa ajili ya mafiga ya mjini. Msitu unazidi kwenda mbali na mji. Mtoto wa kesho atautafuta, asiuone.

Simenti nayo ni mwana wa moto. Mawe ya chokaa pamoja na udongo hutiwa katika tanuru kubwa na kuchomwa kupita digri 1,400, na moshi wa kazi hiyo, katika dunia yote, ni sehemu moja ya moshi unaozidisha joto la dunia. Hatusemi simenti ni mbaya. Msingi unaihitaji, nguzo zinaihitaji, choo kinaihitaji. Tunasema tu kwamba yafaa kuitumia kama chumvi, si kama bukari.

4. Je, turudi katika nyumba za majani?

Hapa msomaji anatukata neno: «Ninyi mnaotusifia udongo, mnalala wapi?» Swali hilo ni la haki, nasi hatutaki kulikimbia. Wengi wetu tunaoandika na kufundisha tunalala chini ya bati, ndani ya kuta za simenti. Mtu aliyeshiba akimfundisha mwenye njaa faida za kufunga, maneno yake hayana ladha. Kwa hiyo tuseme kweli yote.

Nyumba ya zamani ilikuwa na mabaya yake. Majani yanashika moto, nayo yanataka kubadilishwa kila mara, na majani mazuri siku hizi yako mbali. Mvua ya upepo inakula ukuta. Mchwa wanakula miti. Ndani ya nyufa za sakafu na za kuta anajificha kimputu, yule papasi anayeuma watu usiku na kuwapa homa ya kurudirudi. Mama aliyeuguza watoto kwa homa ile, akitamani sakafu ya simenti, hatamani fahari: anatamani uzima. Asimcheke mtu.

Tena aibu ya udongo haikuota yenyewe. Zamani za Wabeleji miji iligawanywa, na nyumba nazo ziligawanywa: huku nyumba za vitu vya kudumu, kule nyumba za udongo na majani. Katika mwaka 1952 serkali yao iliweka ofisi kubwa ya kujengea Waafrika wa mijini, Office des Cités Africaines, nayo ikajenga nyumba kwa maelfu katika Léopoldville, Elisabethville, Stanleyville na Bukavu. Watoto waliokua siku zile walijifunza kwa macho yao kwamba tofali na bati ni alama ya mtu aliyeendelea, na udongo ni alama ya mtu aliyebaki nyuma. Fundisho la macho halitoki kwa hotuba moja. Ajabu ni kwamba wageni wa kwanza waliofika bara, hata wamisionari, wengi wao walianza kwa kukaa ndani ya kuta nene za udongo wenye baraza pana kuzunguka nyumba, na hakuna aliyewaita washenzi kwa ajili hiyo.

Basi hatusemi: turudi. Tunauliza: je, hakuna njia ya tatu, nyumba ya udongo isiyo na aibu wala kimputu?

5. Vijiji viwili

Tusikilize habari za vijiji viwili vya Afrika, kimoja huko Misri, kimoja huko Burkina Faso.

Misri alikuwako bwana Hassan Fathy, fundi mkubwa wa kuchora nyumba, aliyezaliwa mwaka 1900 na kufa mwaka 1989. Aliona nyumba za simenti ni ghali kwa wakulima, tena ni moto. Akaenda kusini, karibu na Aswan, akawakuta waashi Wanubi wanaojua kufunika nyumba kwa matofali mabichi ya udongo pasipo mti hata mmoja: wanayainamisha moja juu ya jingine mpaka paa linajifunga lenyewe. Katika miaka ya 1940 serkali ilimpa kazi ya kujenga kijiji kipya, Gurna Mpya, karibu na Luxor, ili kuwahamisha watu waliokaa juu ya makaburi ya watu wakubwa wa kale. Akajenga kwa akili na kwa mapendo: ua wa kivuli, njia za hewa, soko, shule, msikiti. Wenye elimu wa dunia nzima wanamsifu mpaka leo.

Lakini wenyeji wengi walikataa kuhama, na kijiji hakikumalizika. Kwa nini? Maisha yao yalikuwa palepale penye makaburi, kwani waliishi kwa wageni na kwa vitu vya kale. Tena wengine walitazama mapaa yale ya mviringo wakaona kama kaburi, wakasema hawataki kulala ndani ya kaburi wakiwa hai. Nyumba zilikuwa nzuri, lakini amri ya kuhama ilitoka kwa wakubwa, si kwao.

Burkina Faso ni habari nyingine. Diébédo Francis Kéré alizaliwa mwaka 1965 katika kijiji cha Gando, mtoto wa chifu. Gando hapakuwa na shule, basi alipelekwa mbali kusoma, katika chumba cha simenti kilichojaa watoto, chenye joto na giza. Baadaye alipata njia ya kwenda Ujerumani kujifunza useremala, kisha akaingia chuo kikuu cha Berlin. Angali mwanafunzi, akakusanya feza kwa rafiki zake ili awajengee watoto wa kwao shule.

Aliporudi na kusema atajenga kwa udongo, watu wa Gando hawakufurahi. Walisema moyoni: huyu ametoka Ulaya, mbona anatuletea tena udongo wetu? Udongo hauwezi kushinda mvua. Kéré hakuwazarau. Alikaa nao, akaeleza, akawaonyesha kwa matendo. Kisha wote wakaingia kazini. Watoto walibeba mawe ya msingi, wanawake walichota maji, vijana walijifunza kufyatua matofali ya udongo yaliyochanganywa na simenti kidogo na kushindiliwa. Juu ya vyumba wakaweka dari ya matofali yenye matundu. Na bati hawakulikataa, ila walilipandisha juu kwa vyuma, mbali na dari, lipanuke kuliko kuta. Basi bati linazuia mvua na jua, upepo unapita katikati, hewa ya moto inapanda na kutoka kwa matundu. Hakuna mashine hata moja.

Shule ile ilimalizika mwaka 2001. Mwaka 2004 ikapata tuzo la Aga Khan. Vijana waliojifunza kazi pale wakaitwa kujenga mahali pengine. Na mwaka 2022 Kéré alipewa tuzo la Pritzker, kubwa kupita yote katika ufundi wa kuchora majengo. Ni Mwafrika wa kwanza kulipata.

Tofauti ya vijiji hivi haiko katika udongo, kwani udongo ulikuwako pote pawili. Tofauti ni hii: Gurna watu walipewa nyumba, Gando watu walijenga wao wenyewe jambo walilolielewa. Aibu ya udongo iliondoka Gando, si kwa sababu mtu aliwahubiri, bali kwa sababu mikono yao ilijua kilichomo ndani ya ukuta. Mtu haoni haya kwa kazi anayoielewa.

6. Wajibu wetu

Tunachotaka kusema ni hiki: nyumba ni deni tunalowalipa wale wanaolala ndani. Lakini asiyelala ndani hawezi kulipima deni hilo peke yake. Wenye elimu wakimwamuru maskini akae katika udongo, na wenyewe wakae pengine, wanamzarau, hata kama hesabu zao ni za kweli. Na maskini akiiga nyumba ya tajiri pasipo kuuliza, anajizarau mwenyewe. Njia ya haki ni kujenga pamoja, kila mmoja akileta alichonacho.

Baba anayejenga alete swali hili kabla ya kununua tofali la kwanza: nani atashinda ndani ya nyumba hii mchana? Amwulize mama wa nyumba, kwani ndiye anayejua jua linaingia saa ngapi na moshi unatoka wapi. Kisha aelekeze ubavu mrefu wa nyumba kaskazini na kusini. Atoboe madirisha pande mbili. Apanue upenu, aweke dari hata ya mikeka au ya mianzi, aache matundu juu ya kuta. Akijenga kwa udongo, auinue juu ya msingi wa mawe, azibe nyufa, asilibe sakafu kimputu akose pa kujificha. Na aliye na nyumba ya moto tayari asikate tamaa: dari inaweza kuwekwa baadaye, bati linaweza kupakwa rangi nyeupe inayorudisha jua, na mti uliopandwa leo upande wa magharibi utakuwa kivuli cha wajukuu.

Wenye elimu na wenye amri walete ufundi, si maneno matupu. Tangu miaka ya 1950 iko mashine ndogo ya mkono ya kushindilia matofali ya udongo, iliyobuniwa na enjinia Raúl Ramírez huko Bogotá, nchi ya Colombia. Haitaki umeme wala kuni. Shule za ufundi zifundishe vijana kupima udongo, kama zinavyowafundisha kupima simenti. Na mkubwa akitaka watu waheshimu udongo, aanze yeye: ajenge kwake, ajenge ofisi yake, watu wauone ukuta ule na kuugusa.

Na sisi majirani, wapita njia, tuna wajibu pia, tena labda ni mkubwa kuliko yote. Sisi ndio macho yale yanayomwogopesha baba yule. Sifa zetu ndizo zilizochagua bati tupu na kioo cha mbele. Basi tubadili sifa zetu. Tukimtembelea mtu, tusimwulize tu: «Umetumia simenti mifuko mingapi?» Tumwulize: «Watoto wanalalaje?»

Mwezi wa kumi utarudi. Usiku mmoja saa tatu tutapita mbele ya lupango la rafiki yetu. Tukute mkeka umekunjwa, mlango umefungwa, taa imezimwa, na ndani pumzi za watoto waliolala usingizi. Hatutaona kitu cha kutazama. Hapo tusimame kidogo njiani, tuseme: «Ee, fulani amekuwa mtu kweli.»